Khatib na Farasi Aliyeachwa Darajani

Khatib aliwachukulia watu mchanga kwa gari la punda hapa Mpendae miaka ishirini na sita. Nusu ya nyumba za mtaa huu, na hii yangu ikiwemo, mawe yake na mchanga wake vilipita mikononi mwake. Nyumba yangu imesimama, haina ufa. Nnayaandika haya kwa sababu siku hizi watu wakimtaja Khatib wanamtaja kwa kusikitika, "maskini Khatib, kapooza", kama kwamba hakuna zaidi. Mimi hilo silikubali. Nilimjua yu mzima na nnamjua sasa, na katika mambo yaliyotupitia mwaka huu, mwenye akili zaidi kuliko sote alikuwa yeye. Nami sisemi hivyo juu ya watu wengi.

Kwao ni Makunduchi. Baba yake alikufa yeye mdogo, akalelewa na mama aliyekuwa akisokota kamba za makumbi ya nazi. Kazi ile ni ya wanawake. Makumbi yanafukiwa pwani kwa miezi mpaka yaoze, yakifukuliwa yananuka mtu akimbie, yapondwe kwa rungu, yakaushwe, ndipo yasokotwe. Mwanamume haingii. Lakini mama yule hakuwa na binti, basi Khatib akaingia. Watoto wenziwe wakamcheka mpaka wakachoka. Tena alikuwa wa mkono wa kushoto, kwa hivyo kamba zake zikijipinda upande wa pili, sio upande wa kamba za watu wote. Mama yake alijaribu kumrudi, akaona kamba ni imara, akamwacha.

Alipokuja mjini kutafuta kazi, akapata gari na punda, hakununua kamba hata siku moja. Za kufungia mzigo, za gari, na hatamu ya punda mwenyewe, zote kazisokota kwa mkono wake. Punda wake wa mwisho alikuwa jike, kijivu, jina lake Hedaya. Alikaa naye miaka kumi na moja. Wana hawakujaaliwa, yeye na mkewe Mashavu, na sitaki kusema kwamba punda alikuwa mtoto wao, maana huo ni upuuzi wanaousema watu. Punda alikuwa punda. Lakini Khatib akila ndizi, nusu ya Hedaya.

Mwezi wa Shaaban Khatib alianguka barabarani. Mimi nilikuwepo, nilikuwa natoka dukani, kwa hivyo asinihadithie mtu. Upande wa kulia ulikufa ghafla, akadondoka kutoka garini kama kiroba. Magari yalikuwa yanakuja. Yule punda hakukimbia. Aligeuka na gari lake na mzigo wake, akakaa katikati ya njia, Khatib yuko nyuma yake. Wenye magari wakapiga honi, wakatukana. Hakusogea mpaka tulipomnyanyua bwana wake.

Khatib akalazwa hospitali. Daktari akatwambia presha iko juu sana, mgonjwa asishtuliwe kwa habari yoyote. Hilo hata asingetwambia. Kwetu mgonjwa hapewi habari mbaya. Mtu anaweza kufiwa na ndugu yake wa tumbo moja naye yuko kitandani, na nyumba nzima ikaenda kuzika na kurudi na kumwambia ndugu yako kasafiri, anakusalimu.

Sasa Hedaya akae wapi? Uwa mkubwa ninao mimi. Nikasema aletwe kwangu. Mashavu akaja naye, kamshika hatamu, macho yamemvimba.

"Bi Salhiya, huyu anakula majani na pumba tu. Khatib hampi kitu kingine."

"Mwanangu, mimi nimefuga mbuzi miaka arobaini."

"Najua, bibi, lakini punda si..."

"Mnyama ni mnyama. Nenda kamwangalie mumeo."

Akaenda. Ukaingia Ramadhani. Na Ramadhani hapa kila nyumba inamenya muhogo wa futari, maganda yanajaa majaani mpaka mtu anaona uchungu kuyatupa. Mbuzi wangu walikuwa wakiyala, nikiwaanikia. Siku ya sita ya mfungo nikakusanya maganda ya nyumba tatu, mabichi vilevile, ungo mzima, nikamwekea Hedaya. Muhogo mwingine ulikuwa mchungu, ule wenye sumu ukiwa mbichi. Nilijua? Nilijua. Lakini mkono ulikuwa unatia na moyo unasema huyu mkubwa, atahimili.

Kesho yake mchana akalala chini, tumbo limejaa, anapumua kwa tabu. Nikamwita mtu anayejua wanyama, akaja akatikisa kichwa. Alasiri akafa. Vijana wa mtaa wakamzika bondeni nyuma ya nyumba, nami nikabaki na hatamu yake mkononi. Kamba ile ilikuwa nzima, haina hata uzi uliolegea. Kamba ya makumbi haitupwi. Nikaiosha, nikaikausha, nikampelekea Mashavu. Tukalia kidogo, kisha Mashavu akaiunganisha na nyengine mbili za gari, akaifunga uani kwake kuanzia kwenye mwarobaini mpaka nguzo ya jiko, akawa anaanikia nguo. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Mashavu alikuwa na mashuka ya mgonjwa ya kufua kila siku, na kamba ilikuwa ipo.

Khatib alirudi nyumbani baada ya Idi. Mdomo umepinda, maneno yanatoka polepole lakini yanaeleweka. Hata hajawekwa vizuri kitandani, akauliza:

"Hedaya?"

Mashavu akanitazama mimi. Wote wakanitazama mimi.

"Yuko Kizimbani," nikasema, "kwa mdogo wangu. Majani mpaka kiunoni. Naye anapumzika. Ukiweza kusimama kwa miguu yako, utakwenda kumchukua."

Khatib akafumba macho, akasema, "Alhamdulillahi."

Basi tukawa tumejifunga. Alishika fimbo akaanza kujifunza kutembea, kitandani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka barazani, jasho linamtiririka, kwa sababu ana punda wa kumfuata Kizimbani. Nami kila nikija nnaulizwa, na kila nikiulizwa nna jawabu. Hedaya kanenepa. Hedaya kamuuma mtu. Hedaya kaingia shamba la jirani kala mchicha. Nilikuwa nnasema uongo mzuri, wallahi, mpaka mwenyewe nikawa nnamwona anavyotafuna.

Ili asikae peke yake, baraza yetu ya kushona kofia ikahamia mlangoni kwake. Kila alasiri tunakaa pale, mimi, Mashavu, Riyama wa nyumba ya pili, na Nassra ambaye ni mwalimu wa watoto wadogo na ndiye mwenye simu ya maana. Khatib tunamwekea kiti cha mikono ndani ya kizingiti, mgongo kwenye mto, kakaa upande, huku anatuona sisi na huku anauona uani. Mlango wa uani uko mwisho wa ukumbi, mara nyingi wazi ili upepo upite.

Siku za Alhamisi tulikuwa na hadithi. Kuna kijana mmoja anaitwa Haitham, anasoma chuo huko Tunguu, ambaye alitunga hadithi ndefu ya majini na falme na akawa anaisoma kwa sauti yake na kuirusha kwenye kundi la simu. Mwenyewe sijamwona, lakini sauti anayo. Nassra akiitia simu ndani ya sufuria tupu ili isikike, sote tunanyamaza, sindano zinakwenda. Watu wa kundi lile walikuwa wengi, Pemba, bara, mpaka Maskati, na kila kipande kikimalizika wanagombana kwa siku sita.

Hadithi ilikuwa ya Mwana Zumaridi, mtoto wa mfalme aliyenyang'anywa enzi, na farasi wake Shihabu. Farasi yule ndiye aliyemtoa motoni. Alimvusha bonde la majani meusi lililokuwa likila watu, akapigwa mshale wa jini akaendelea kukimbia. Kisha wakafika Daraja la Ukungu, ambalo halibebi ila nafsi moja. Zumaridi akashuka, akamvua Shihabu hatamu, akamwambia, "Ningoje hapa." Akavuka.

Na kisha, basi. Kipande baada ya kipande, Zumaridi kapigana, kashinda, kavishwa taji, kaolewa. Farasi hatajwi.

"Kaondoka zake," akasema Riyama. "Nyasi zipo, kala, kaondoka. Mnyama atangoja nini?"

"Anangoja," nikasema. "Kaambiwa angoje."

"Vipande saba, Bi Salhiya! Zumaridi keshapata na mimba."

"Hata akipata wajukuu. Atarudi kumchukua."

"Mwanamke akishakalia kiti cha enzi atamkumbuka farasi?" Riyama akacheka. "Wewe mwenyewe ungo wangu umekaa nao tangu mwaka jana, na huna kiti cha enzi."

"Ungo wako umetoboka. Nimeuhifadhi usikuaibishe."

Nassra akatusomea yanayosemwa kundini. Mtu wa Wete anasema Shihabu aligeuka mto. Bibi mmoja wa Maskati anasema alikuwa jini tangu mwanzo. Mwengine kasema mtunzi kamsahau tu, na huyo wakamtukana mpaka akajitoa.

Mwisho Khatib akasema, "Nassra."

"Naam, ami."

"Alipomvua hatamu. Kaiweka wapi?"

Nassra akakitafuta kile kipande cha zamani, tukakisikiliza tena mpaka pale. Zumaridi alimvua Shihabu hatamu, akaitundika begani mwake, akavuka nayo.

"Kavuka nayo," akasema Khatib.

"Ndiyo, ami."

"Basi."

Riyama akasema huyu naye, watu wanauliza roho, yeye anauliza kamba. Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote.

Wiki ile Haitham akarusha ujumbe mfupi. Alisema malalamiko ya farasi yamemfikia, hawezi tena kulala wala kusoma, Alhamisi ijayo anaimaliza hadithi, na kila mwenye rai yake aipeleke kwa sauti, atazisikiliza zote. Mtaa ukachangamka. Riyama akapeleka yake palepale, ndefu, na ndani yake akanitaja mimi na ungo. Nami nikapeleka. Nikasema farasi yu hai, anangoja, na Haitham akithubutu kumuua asikanyage Mpendae.

Nassra akacheka, akamgeukia Khatib kwa mzaha. "Na wewe, ami?"

"Na mimi," akasema.

Akapewa simu. Akaishika kwa ule mkono wa kushoto, ulio mzima, akaisogeza mdomoni. Lakini macho hayakuwa kwenye simu. Alikuwa anatazama mlango wa uani, na uani mashuka mawili yalikuwa yanapepea juu ya kamba.

"Assalaam alaykum, Haitham," akasema, polepole, neno moja baada ya moja. "Mimi Khatib wa Mpendae. Nilikuwa na punda. Farasi wako kafa, usituzungushe. Mtu hatembei na hatamu begani na mnyama yu hai anamngoja. Mimi kwamba wangu kafa nimejua zamani. Sikuuliza kwa sababu waliokuwa wakinificha walikuwa wakinipenda. Nataka kujua jambo moja tu. Alikuwa na nani? Kama alikuwa peke yake, sema alikuwa peke yake. Kama alikuwa na mtu, mtaje. Wasalaam."

Akamrudishia Nassra simu.

Mashavu alikuwa kashika kofia, sindano imo nusu, haingii haitoki. Kisha nikageuza shingo, nikaiona kamba ile kama siku ya kwanza. Imejipinda kushoto, mkono wake huo, na hatamu ya Hedaya imo. Miezi mitatu naye amelala dirishani anaitazama ikianikwa mashuka yake mwenyewe.

Nilikuwa naweza kunyamaza. Daktari alisema asishtuliwe, ningejificha nyuma ya daktari. Na Mashavu alikuwa akinikonyeza ninyamaze, maana aliogopa moyo wa mumewe hautahimili. Lakini swali lilikuwa langu. Hakukuwa na mtu mwengine katika Unguja nzima mwenye jawabu lake.

"Alikuwa na mimi," nikasema.

Khatib akanigeukia.

"Siku ya saba ya mfungo, alasiri. Hajakaa Kizimbani hata siku moja. Alikuwa uani kwangu."

"Ulikaa naye?"

"Nilikaa naye."

"Kichwa?"

"Kilikuwa mapajani mwangu. Nilikuwa nnampepea kwa kipepeo cha jikoni."

Akafikiri. "Alikuwa hapendi kushikwa sikio la kushoto."

"Sikumshika sikio."

Mashavu alikuwa analia sasa. Riyama kamshika bega. Ningeweza kuishia pale. Alikuwa kapata alilolitaka. Lakini nilikuwa nshaanza, na mimi nikianza kitu sikiachi nusu.

"Nilimpa maganda ya muhogo, Khatib. Mabichi. Ndiyo yaliyomuua."

"Mashavu hakukwambia?"

"Aliniambia."

Pumzi yake ikabadilika. Mashavu akainuka upesi, akamshika kifua, akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Khatib akamwondoa mkono taratibu. Akachukua fimbo yake, akasimama bila ya kusaidiwa, akaingia ndani. Tukaisikia fimbo ikigonga sakafu mpaka chumbani.

Siku nne hakuja barazani. Mimi nilikwenda kila siku, nikakaa mahali pangu, nikashona. Mashavu hakunisemesha, nami sikuondoka. Riyama akaninong'oneza, "Nenda nyumbani, Bi Salhiya, mpe nafasi mtu." Nikamwambia nafasi yangu ni hii, nimeikalia miaka. Kusema kweli niliogopa kwamba nikiondoka siku moja sitapata miguu ya kurudi.

Siku ya tano, Mashavu akaniwekea kikombe cha chai. Nikanywa. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Tangu lini alijua?"

"Ananiambia tangu siku ya pili ya kurudi. Alifungua dirisha, akaiona."

"Na kutembea kote kule? Si alikuwa anamfuata Hedaya?"

Mashavu akaitazama kofia yake. "Nimemuuliza. Anasema alikuwa ananiona mimi nnafurahi akitembea."

Ikawa Alhamisi. Nassra akaja na simu, akaitia sufuriani, hakuna aliyethubutu kumwita Khatib. Haitham akaanza kusoma. Alikuwa keshafika pale Zumaridi anatoka katika kasri lake na mtoto mgongoni, anarudi kwenye Daraja la Ukungu, tukaisikia fimbo. Khatib akatoka, akakaa kwenye kiti chake. Nikamsogezea mto, akauegemea.

Zumaridi alifika darajani, akamkuta Shihabu keshakufa zamani. Majani yameota pale alipolala. Na pembeni yake alikaa kizee mmoja mwokota kuni, akamwambia: alikungoja mpaka nguvu zikamwisha, na zilipomwisha nilikuwa nimemshika. Tena yule kizee akasema, maji niliyompa yalikuwa ya kisima kibaya, sikumsikiliza aliyenionya, nami sina pa kulipeleka hilo ila kwako. Zumaridi akakaa chini karibu yake. Haitham hakusema kama alimsamehe. Alisema walikaa pamoja mpaka jua likazama, na hadithi ikaishia hapo.

Nikamtazama Nassra. Nassra akainamia kofia yake. Baadaye nilijua kwamba siku ile Khatib alipotuma salamu simu ilikuwa bado inanasa sauti, na kwamba yote tuliyoyasema barazani yalikwenda kwa Haitham huko Tunguu pamoja na salamu zile. Nilitaka kumgombeza. Sijamgombeza bado.

Riyama ndiye aliyeanza kusema, maana hawezi kunyamaza.

"Huyu kizee naye katokea wapi? Hadithi nzima hayumo, mwisho ndio anachomoza!"

"Alikuwamo," akasema Khatib.

"Wapi? Kipande gani?"

"Alikuwamo. Hakutajwa tu."

Riyama akaanza kubisha, akanitazama, akaacha.

Khatib akanyoosha ule mkono mzima kuelekea uani. "Bi Salhiya."

"Naam."

"Ile kamba imelegea upande wa mwarobaini. Mashuka yanagusa chini. Nenda kaikaze. Na usiikate."

Nikainuka na magoti yangu haya, nikaenda. Fundo alilifunga Mashavu, lilikuwa fundo la ovyo. Nikalifungua, nikaivuta kamba mpaka ikakaza, nikaifunga upya, na kutoka barazani Khatib akawa ananielekeza kila mzunguko, pitisha juu, rudisha chini, siyo hivyo, upande wa kushoto, Bi Salhiya, kushoto, nami kwa mara hii nikafanya nilivyoambiwa.